Meza Iliyoliwa na Ndimu

"Fungua zaidi, mama."

Bi Onja akafungua. Daktari wa meno, binti wa rika la kitinda mimba wake, akaligonga jino la mbele kwa kichuma chembamba, na mtu mzima akaruka kitini.

"Hilo hilo! Usiligonge tena, mwanangu, limeshasikia."

"Unakula pipi, mama?"

"Pipi, mimi? Mimi nauza juisi ya ndimu. Na mswaki napiga mara saba kwa siku. Saba! Kila nikimaliza kuonja jagi zima, nasugua kwa nguvu zote."

Daktari akaacha kuandika. "Kuonja?"

Jina lile hakupewa bure. Kabla ya kuuza glasi yoyote alijimiminia funda moja kwenye kikombe chake, akanywa mbele ya mteja, akalamba midomo. "Nisichokunywa, sikuuzii," alisema, na kwa neno hilo watu waliruka vibanda viwili vyenye barafu tele wakaja kwake. Siku ya jua kali alionja hata mara mia.

"Basi hapo ndipo penyewe," daktari alisema. "Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi inalainisha jino. Ndimu nayo inakuja na asidi yake. Mate hulitengeneza jino tena, lakini yanataka muda, na wewe huyapi hata nusu saa. Halafu unalisugua likiwa bado laini! Anayekunywa glasi nzima mara moja ana nafuu kuliko wewe."

Ubishi ukampanda Bi Onja. Funda la kuonja limshinde mtu mzima? Ndipo akaikumbuka meza yake ya saruji. Pale alipokamulia ndimu palikuwa na shimo, fundi kaliziba mara mbili na mara mbili limerudi.

"Maskini," akasema. "Kumbe fundi wa watu nilimwita mwizi wa saruji bure."

"Hili nitaliziba leo. Ukiendelea kuonja, mwakani tutaling'oa, pamoja na majirani zake."

Aliondoka na jino lililozibwa na hofu mpya. Kung'olewa aliweza kuvumilia. Lakini asipoonja, nani atamwamini? Miaka kumi na tisa watu walikuwa wakinunua kile kikombe, si juisi.

Asubuhi alipima kila kitu kwa hesabu: ndimu kumi na mbili, maji jagi moja, sukari kikombe kimoja badala ya viwili. Akaonja mara moja tu, pamoja na kifungua kinywa, akasukutua kwa maji.

Seremala wa ng'ambo ya barabara alifika wa kwanza kama kawaida, unga wa mbao umejaa kwenye nyusi. Akapokea glasi, akangoja.

"Haya, onja."

"Leo sionji."

"Ala! Umetia nini leo?"

Wawili waliokuwa nyuma yake walisikia. Mmoja akageuza shingo kuangalia kibanda cha jirani. Kikombe kilikuwa pale pale, na mkono wa Bi Onja ulikwisha kukishika. Funda moja tu, na mambo yangekwisha.

Akakijaza maji. Akanywa.

"Pita huku nyuma," akamwambia seremala. "Tia kidole hapo."

Seremala akatia kidole kwenye shimo la meza, kikazama hadi kiungo cha kwanza. "Nani kachimba?"

"Ndimu. Tone kwa tone. Sasa tazama na hapa." Akainua mdomo wa juu, akaonyesha jino. "Limezibwa jana."

Ulimi wa seremala ulionekana ukizunguka ndani ya shavu, ukikagua. "Na mimi ninayekunywa kila siku?"

"Wewe kunywa yote hapa hapa, usukutue na maji. Hiyo tabia yako ya kuibeba karakanani ukaifyonza mpaka adhuhuri, ikome!"

Foleni ikacheka. Seremala hakucheka.

"Na nitajuaje kama ni nzuri?"

"Miaka kumi na tisa nimekuonjea wewe," alisema Bi Onja. "Leo nionjee mimi."

Seremala akainua glasi. Aliyegeuza shingo akairudisha. Wote wakalitazama koo lake likipanda na kushuka, na Bi Onja, mikono kiunoni, akatabasamu kwa meno yake yote.