Hariri ya Bibi

Jina la Fundi Kesho alibandikwa na mtaa, na lilimkera kuliko sindano iliyosahauliwa kwenye kiti. Nguo za wateja alizimaliza kwa wakati. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu: hariri nyeupe iliyolala kabatini, aliyoiacha marehemu mama yake ili mjukuu ashonewe gauni la harusi. Mwaka mzima, kila aliyeuliza gauni limefikia wapi alijibiwa, "Kesho."

Sasa harusi yenyewe ilikuwa kesho kutwa.

Na wala hakukaa bure. Mkasi aliunoa hata nzi akipita juu yake, kivuli chake kinadondoka vipande viwili. Cherehani aliipaka mafuta hadi ikawa mtu akikohoa karibu nayo inaanza kushona. Vifungo alivipanga kwa rangi, akavivuruga, akavipanga upya kwa ukubwa. Kila asubuhi aliapa kwamba leo ndiyo leo, ila kwanza ajaribu mtindo kwenye kitambaa kingine. Ndiyo maana nyumba haikuwa na pazia hata moja. Mapazia ya sebuleni yaligeuka magauni, ya chumbani yakafuata, kisha shuka, na sasa jirani wa dirisha la pili, aliyewaona hadi sahani, alikuwa akiwakaribisha chakula chao wenyewe kabla hawajatia tonge mdomoni.

"Baba Watoto," mkewe alimwambia jioni hiyo, "nimebakiwa na kanga hii niliyovaa. Ukiinyemelea nikiwa nimelala, nakuitia mwizi."

"Mtindo bado, mke wangu. Bega la kushoto linanigomea."

"Bega gani? Unaogopa tu."

Damu ikamchemka. Aogope nini, yeye aliyewakatia suti vigogo bila hata kuchora chaki? Akaichomoa hariri, akaitandaza mezani, akainua mkasi. Mkono ukagandia hewani. Akamkumbuka mama yake akikipapasa kitambaa kile: "Sitapata kingine kama hiki, mwanangu." Maadamu hakijakatwa, gauni la kichwani mwake lilikuwa zuri kuliko yote yaliyowahi kuvaliwa. Akishakata, litakuwa gauni tu, na makosa yake yote hadharani.

Akauweka mkasi chini. Akaanza kutafuta jiwe la kunolea.

Ndipo bintiye akaingia, katoka kazini, sare bado mwilini.

"Baba, liko wapi?"

"Kesho asubuhi, mama. Kichwani nimeshalimaliza, imebaki mikono."

"Kwa hiyo nikaolewe nimevaa kichwa chako?"

"Usinipandishie sauti! Kazi nzuri haitaki pupa."

"Mwaka mzima, baba! Mashoga zangu wananiuliza nitavaa nini, nawaambia pazia. Wanacheka, wanadhani nawatania!"

Macho yake yakaangukia mkasi. Akaunyakua.

"Weka chini huo! Wewe! Weka…"

Mkasi ulionolewa mwaka mzima hauhitaji kusukumwa. Kra! Ukaimeza hariri kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, ukienda upogo kama mlevi anayetafuta kwao.

Mkewe akajiziba mdomo.

"Umemuua bibi yako mara ya pili," Fundi alisema kwa sauti ndogo. Kisha ile kubwa ikaja. "Na mkasi unashikwa hivyo? Mtoto wa fundi mzima, unakata kama unachinja! Hebu lete! Toka hapo mezani!"

Akampokonya, akaliinamia lile jeraha. Hariri ya mama yake ilikwisha. Kilichobaki mbele yake kilikuwa kitambaa kilichoharibika, na vitambaa vilivyoharibika aliletewa kila siku, akavirekebisha huku anapiga soga. Hapa upindo haufai. Shingo, labda. Shingo ya mshazari, ishukie bega la kushoto, lile lile gomvi. Akakata akiufuata upogo wa bintiye, akilaani kila hatua.

"Tazama! Tazama mnachonifanyisha!"

Alishona akigomba. Alikula akigomba, mkewe akimlisha matonge ili miguu isiache kukanyaga cherehani. Hasira ilipotaka kumwishia, aliliangalia lile jeraha, ikarudi mbichi.

Asubuhi ya harusi gauni lilikuwa mwilini mwa mwenyewe. Mashangazi wakaisifia shingo, wakauliza mtindo huo umetoka wapi. Fundi hakuwasikia. Aliona mshono wa kiuno umepinda, aliona upindo wa chini bado umeshikizwa kwa uzi mweusi wa muda.

"Livue kidogo, mama. Nifumue hapo kiunoni tu. Gari si litasubiri?"

Nje honi zilikuwa zikilia. Binti akaunyanyua upindo asikanyage ule uzi, akampita babake mlangoni.

"Kesho, baba."

Fundi akabaki na sindano mkononi, amenuna, akimsindikiza kwa macho kupitia dirisha lisilo na pazia.