Watoto Wasiolia

Tryphosa Nanzala alikuwa amelea watoto kumi na wanne na hakumzaa hata mmoja wao. Hakulisema hilo kwa kujisifu wala kwa kulalamika. Akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu kwamba hana, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Alianza akiwa na miaka saba, kule Soy, mama yake alipoumia mgongo baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Kila aliyezaliwa baada ya hapo alifungwa mgongoni mwa Tryphosa kwa leso ileile. Alipofika darasa la saba mapacha wakazaliwa, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kukaa nao, shule ikaishia hapo. Wadogo zake wakakua, wakaoa na kuolewa, nao wakaanza kumletea wa kwao: huyu amepata kazi mbali, yule ameachana na mumewe, mwingine anaenda Uarabuni kwa miaka miwili ambayo ikawa saba. Watoto wakalelewa, wakaondoka. Wa mwisho, Ronnie, alipata kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Alibeba begi lake Jumatatu asubuhi, na Tryphosa, akiwa na miaka hamsini na mitatu, akafunga mlango wa nyumba yake ya vyumba viwili mtaani West Indies, akaketi, akangoja mtu amwite. Hakuna aliyemwita. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Mdoli wa kwanza aliupata mwaka huohuo. Alikuwa ameenda soko la mitumba kutafuta pazia, akamkuta Mabonga, muuzaji aliyemzoea, amefungua robota la vitu vya watoto. Juu ya rundo, kati ya magari yasiyo na magurudumu na dubu waliopauka, kulikuwa na kitu kilichomfanya ashtuke, kwa sababu alidhani mtu amemsahau mtoto wake pale. Kilikuwa mdoli. Kichwa chake kilianguka nyuma kama cha mtoto mchanga asiyekaza shingo, na mwili ulikuwa na uzito wa mtoto wa miezi miwili hivi. Kope zilikuwepo, kucha zilikuwepo, na chini ya ngozi ya mpira mtu fulani wa mbali alikuwa amechora mishipa ya samawati, hafifu kabisa. Tryphosa aliuweka begani bila kufikiri, mkono mmoja chini ya makalio. Akasimama hivyo kwa muda. Mabonga akamuuliza kama anamchukulia mjukuu. Tryphosa akasema ni wake mwenyewe, na pazia akalisahau.

Nyumbani aliuweka kitandani, akalala kando yake mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto. Alipoamka mdoli ulikuwa pale alipouweka. Haukuwa na njaa. Haukuwa umejikojolea. Hakuna aliyekuwa amekosewa kwa yeye kulala.

Midoli ilifika kumi na mmoja katika muda wa miaka mitatu. Alijifunza mambo mengi kwenye simu yake, kutoka kwa wanawake wa nchi za nje waliokuwa wakionyesha jinsi ya kuitengeneza: jinsi nywele zinavyochomekwa kwa sindano, unywele mmoja mmoja, jinsi rangi ya mashavu inavyopakwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba, mpaka ionekane imetoka ndani. Midoli iliyokuwa myepesi aliipa uzito kwa mchanga aliouosha na kuuanika, akaushonea ndani ya soksi. Nguo alishona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kwenye duka la sare za shule la Wahome, alikofanya kazi ya kushona, na ndiyo maana mingi ilikuwa na kaptura za kijivu na sweta za rangi ya damu ya mzee. Hakuipa majina. Alikuwa ameita majina ya kutosha.

Watu hawakulielewa jambo hili, naye hakuwa na nguvu za kulieleza. Majirani walisema ni uchungu wa kukosa kuzaa. Mama mchungaji alikuja na wanawake wawili wa kanisa, wakaomba kwa muda mrefu, wakiomboleza juu ya tumbo lake, na Tryphosa akafumba macho, akasema amina, akawapa chai na mandazi. Kuwaacha waombe kulikuwa rahisi kuliko kuwaambia kwamba tumbo lake halijawahi kumsumbua. Kilichomsumbua ni mgongo.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya mwezi wa nne.

Eliakim, ndugu yake wa nne, alikuja kutoka Kiplombe alikokuwa na ng'ombe wa maziwa. Alikuja na mkewe Mideva na binti yao Betty, na Betty alikuwa amembeba mtoto wa wiki sita aliyefunikwa blanketi la manjano. Tryphosa alijua kwamba Betty amejifungua. Alikuwa ametuma nguo. Ila aliona pia begi kubwa ambalo Eliakim aliliweka kando ya mlango, na juu ya begi kopo la maziwa ya unga ambalo halijafunguliwa. Akaketi kabla ya wageni.

Walikunywa chai. Waliongea juu ya mvua iliyochelewa na bei ya mbolea. Betty alivutavuta blanketi la mtoto. Alikuwa na miaka kumi na tisa na macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyepigwa. Mwishowe Eliakim akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo.

"Dada," akasema, "tumekaa kama familia tukaongea."

"Mimi sikuwepo," Tryphosa akasema.

Eliakim akaliruka hilo. Akaeleza kwamba Betty anatakiwa chuoni mwezi wa tano, asipoenda nafasi yake itapewa mtu mwingine. Mideva ana magoti mabaya na ng'ombe wa kukama. Kwa hivyo wameona mtu anayefaa kumlea mtoto ni yeye, Tryphosa, tena si kwa sababu ya shida tu. "Wewe unapenda watoto," akasema, na sauti yake ilikuwa laini, alimaanisha kila neno. "Kila mtu anaona. Huyu atakuwa baraka kwako. Hautahitaji tena hii vitu ya plastiki."

Mideva akamchukua mtoto mikononi mwa Betty, akamweka kwenye mapaja ya Tryphosa.

Mtoto alikuwa na joto, na alinuka maziwa yaliyochachuka shingoni. Alikunja uso, akatoa mlio mdogo. Hapo Tryphosa akajikuta anayumba, mbele na nyuma, taratibu, kiganja chake kikipiga mgongo mdogo ule kwa mdundo aliokuwa nao tangu akiwa na miaka saba. Hakuwa ameamua kufanya hivyo. Mwili wake ulikuwa umekubali kabla yeye hajaulizwa, na alipotazama juu aliona Eliakim na Mideva wakitazamana na kutabasamu, kama watu waliokwisha kumaliza kazi. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko kitu chochote alichokumbuka. Akainuka, akamrudishia Betty mtoto wake.

"Siwezi, Eliakim."

"Huwezi ama hutaki?"

Tryphosa alifikiri. Mara chache sana maishani alikuwa amekataa kitu, na mara hizo zote alisema hawezi: anaumwa kichwa, ana nguo za watu za kumaliza. Alitafuta sababu kama hizo sasa, akaona amechoka hata kuzitafuta.

"Sitaki," akasema.

Mideva akashika kifua. Eliakim akaenda mlango wa chumba cha kulala, ambao ulikuwa wazi, akaonyesha kwa kidole midoli iliyokuwa imepangwa kitandani katika sare zake za shule. "Na hiyo je? Hiyo unaosha, unavalisha, unachana nywele. Damu yako unaikataa."

"Hiyo nikichoka naiweka chini," Tryphosa akasema, "na inakaa chini. Wewe nilikubeba miaka miwili, Eliakim. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ukilia nilikuwa napigwa mimi."

Halafu Eliakim akaanza kuongea, hakupaza sauti, akasema kwamba dada yake amekuwa mgumu, kwamba mama yao angekuwa hai angelia, kwamba kuna siku atazeeka na atatafuta mtu wa kumpa maji. Tryphosa alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama. Akabeba begi lile mwenyewe mpaka langoni, kwa sababu alijua hakuna mwingine ambaye angelikumbuka.

Alidhani angepata nafuu kidogo baada ya hapo, lakini haikuwa hivyo. Wiki zilizofuata zilimlemea kuliko Januari, msimu wa sare, wakati Wahome alipowashonesha mafundi wake mpaka vidole vikavimba. Ndugu zake waliacha kupiga simu, mmoja baada ya mwingine. Kanisani wanawake walimsalimia kwa ncha za vidole. Siku moja alishona miguu miwili ya kulia kwenye suruali tano mfululizo, na Wahome, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akamwambia aende nyumbani akapumzike siku tatu. Alilala siku hizo zote na hakupumzika. Midoli nayo iliharibika machoni pake. Kila alipoushika mmoja alisikia sauti ya Eliakim ikimwambia damu yako, damu yako, mpaka akaifunika yote kwa shuka. Vumbi likakaa juu ya shuka. Mwanamke mmoja wa Nakuru, mkusanyaji wa midoli kama yeye ambaye walikuwa wakiandikiana, alimwuliza mbona amenyamaza. Tryphosa alianza kuandika jibu mara tatu, akaacha.

Katikati ya mwezi wa sita, Jumamosi saa nane mchana, alisikia hodi. Alikuwa Betty, peke yake na mtoto mgongoni. Hakuwa na begi, ila kifuko cha nepi na chupa moja. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope. Tryphosa alisimama mlangoni bila kusogea, na Betty akaona.

"Senge," akasema, kwa maana ndivyo walivyowaita shangazi zao, "sikuja kukuachia. Nimekuja kulala tu."

Akaeleza akiwa bado nje. Chuo kilikuwa kimemruhusu aanze Septemba, na Mideva alikuwa amekubali, kwa manung'uniko, kukaa na mtoto wakati huo. Ila kwa sasa kila kitu kilikuwa juu yake. Mtoto halali. Akilia, mama yake anamwambia si ulimtaka. Hajalala saa mbili mfululizo tangu Aprili, na jana alimkuta mtoto sakafuni, hajui alimwekaje. Hakulia alipokuwa akisema hivyo. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua.

Tryphosa alimtazama kwa muda mrefu. Alitafuta ndani yake huruma ile ya zamani, ile iliyokuwa ikimkimbiza kabla hajafikiri, na hakuipata. Alichopata ni kwamba alimjua msichana yule. Alijua hasa mahali gani mgongoni palikuwa panamwuma.

"Ingia," akasema. "Saa kumi na moja nakuamsha."

Alitoa shuka lililofunika midoli, akaihamishia kwenye meza ya cherehani, na Betty akajilaza na viatu vyake. Alilala hata kabla Tryphosa hajafunga mlango.

Mtoto, jina lake Sharon, alikuwa mkali. Alilia saa nzima. Tryphosa alimbadilisha nepi, akamnywesha, akamtembeza kutoka dirishani hadi mlangoni. Mikono yake haikuwa na nguvu ilizokuwa nazo zamani. Ilipofika saa tisa na nusu kiwiko kilikuwa kinawaka. Hakumwimbia. Hakumpenda hasa, siku ile. Alimshika vizuri tu, akaangalia saa ukutani, na kila dakika iliyopita aliihesabu kuwa imeenda kwa yule aliyelala.

Saa kumi na moja alimwamsha Betty kwa kumgusa bega. Msichana aliketi, alama za mto zikiwa shavuni, akajitafuta alipo. Kisha akaona midoli mezani. Akausogeza mguu wa mmoja kwa kidole.

"Kwa nini mishipa ni bluu hivi?"

Tryphosa akamwambia ni rangi ya kwanza kabisa inayopakwa, kabla ya ngozi, na ikikosekana mdoli unaonekana mfu. Betty akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefunzwa jambo la maana. Akanawa uso, akamfunga mtoto mgongoni.

"Naweza kuja tena Jumamosi?"

"Hii inayokuja hapana. Kuna mgeni wangu anatoka Nakuru kuona midoli." Alikuwa hajamwandikia bado, aliamua wakati huo kwamba atamwandikia. "Njoo ile ya pili. Na saa kumi na moja unaondoka naye, Betty. Si na nusu."

"Sawa, Senge. Asante."

Alimsindikiza hadi langoni, akarudi. Eliakim hakupiga simu siku hiyo, wala wiki iliyofuata, na Tryphosa hakutarajia. Alitaka kupika akaona ni kazi kubwa. Alikula mkate kwa chai ya strungi akiwa amesimama, akaacha kikombe kwenye karai, akaenda kulala kabla giza halijaingia vizuri, upande wa kitanda ambao bado ulikuwa na joto la msichana.