Klachi ya Severo

Ijumaa ya karnivali, mji mzima wa Oruro ukiwa umeshaanza kunuka bia, Primitiva alikuwa nyuma ya usukani wa taksi ya marehemu mumewe akikanyaga klachi, na kutoka uvunguni mwa gari wifi yake alikuwa akimchamba.

"Kanyaga, wewe! Au leo mguu unaona haya? Mwaka ule haukuwa na haya."

Primitiva akakanyaga. Pedeli ikazama mpaka sakafuni, ikabaki hukohuko. Kumjibu wifi yake Hilaria ni kutia petroli kwenye moto.

Severo alikuwa amemwahidi Bikira wa Mgodini kwamba miaka mitatu mfululizo taksi hii itapambwa kwa masinia na vijiko vya fedha, iwatangulie wacheza ngoma kwenye maandamano ya Jumamosi. Miwili aliitimiza. Mwaka wa tatu, jioni ya Ijumaa kama hii, Primitiva ndiye aliyeendesha kwenda kuazima vyombo, na klachi ikamfia mbele ya soko. "Miguu yako hiyo!" Severo alifoka watu wote wakisikia. "Nimesema mara ngapi usilaze mguu kwenye klachi?" Maandamano yakapita bila wao. Kabla baridi haijaisha, kifua alichokipata mgodini kikamchukua Severo, na gari likafunikwa turubai. Hakuna shemeji wala wifi aliyesema kwamba ahadi iliyovunjwa ndiyo iliyomuua. Walinyamaza tu kila Primitiva alipoingia, na kunyamaza huko kulimtafuna miaka yote hii.

Sasa alikuwa amechoka. Kesho mwaka wa tatu ungelipwa, liwe liwalo, na fundi pekee ambaye hakuwa amelewa siku hiyo alikuwa Hilaria, anayetengeneza malori ya mgodi.

Hilaria akatoka uvunguni, akahamishia majani yake ya koka shavu la pili. "Nilidhani diski imeganda kwa kutu, gari limelala mno. Lakini ingeganda, pedeli ingekuwa ngumu. Hii imelegea kama api, uji wetu wa mahindi."

"Basi mafuta yamekwisha."

"Njoo uone." Kikopo cha mafuta ya klachi, chini ya boneti, kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, ila mafuta yalikuwa meusi. "Juu yamejaa, na chini nimefungua niple ya kutolea upepo, hakuna hata tone. Pampu ya chini ina kiu, na ya juu ina kisima."

Akafungua bomba pale linapotoka kwenye pampu ya juu. "Kanyaga." Pakavu. Akaguna. "Hapa kuna kitu kimekaba kooni."

Akayafyonza yale mafuta kwa bomba la sindano mpaka kikopo kikabaki na tope, kisha akaingiza kidole. Kilipotoka, kilikuwa na viduara vya karatasi vilivyoloa: cha waridi, cha manjano, kingine cha kijani. Vingine vilikuwa vimejibandika juu ya tundu la kupitishia mafuta, vikaliziba kabisa.

Wote wawili wakavitazama. Nani asiyevijua vikaratasi vya baraka vya Ijumaa ya karnivali?

Primitiva akakumbuka mchana wa Ijumaa ile: Severo, chupa mkononi, akimwagia taksi bia na kuinyunyizia vikaratasi, akifungua kila kifuniko alichokiona. "Kila kiungo kipate chake, Pachamama, mama yetu ardhi, asije akaona tunambania!"

"Wifi," akasema polepole, "Severo alikibariki mpaka kikopo."

Hilaria akajifuta kidole kwenye sketi. "Na mfuko wa vikaratasi nilimshikia mimi. Nilikuwa namwambia aongeze."

Primitiva akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashikilia mlango, halafu kicheko kikageuka kilio. "Ewe Severo! Miguu yangu! Miaka yote hii miguu yangu!" Alikuwa na hasira naye, na alitamani awepo ili amkaripie vizuri.

Walisafisha kikopo, wakatia mafuta mapya, wakatoa upepo, mmoja akikanyaga, mwingine akifungua na kufunga niple, mpaka pedeli ikaanza kuusukuma mguu. Hilaria akachukua chupa ya bia na mfuko mpya wa vikaratasi. Primitiva akalifunga boneti kwa kishindo, akalikalia.

"Nje tu, wifi. Ndani imeshashiba."

"Sawa, bibi. Nje tu."

Hilaria akanyunyizia magurudumu, akaenda kufungua geti. Barabarani majirani walikuwa wamekaa na bia zao, wengi wao wale wale wa siku ile sokoni. Akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Sikieni nyote! Klachi ya gari hili aliiua kaka yangu, na mimi nilimsaidia! Miguu ya wifi yangu haina kosa!"

Primitiva akatia gia ya kwanza. Mguu wake wa kushoto ukapanda taratibu, na taksi ikatoka kwenda kuchukua masinia.