Mto wa Mama Birika

Tuseme ukweli tusigombane: Fundi na mkewe walikuwa wabahili. Si ubahili wa kumnyima mtu maji ya kunywa. Wao ubahili wao ulikuwa wa safari. Kila mwaka walikwenda kisiwani msimu wa mvua, wakati bei zimelala na vitanda viko wazi, wakiwa na birika lao la umeme, mayai yao na majani yao ya chai, na kila kitu wakakichemshia chumbani kimyakimya kama wapika pombe haramu. Mwenye nyumba ya wageni alijua. Alikuwa akilisikia birika likinguruma nyuma ya mlango, anapita zake akicheka peke yake. Ndiye aliyembandika mke wa Fundi jina la Mama Birika. Mke wa Fundi naye akalipiza kwa kumwita Mama Funguo, kwa ajili ya lile shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake na kupiga kelele kila aendako. Majina yakaganda.

Walikuwa na hila nyingine pia. Ili wasilipie mzigo kwenye boti, begi lao waliliacha stoo kwa Mama Funguo, tangu safari moja hadi nyingine. Lilikuwa begi la turubai, Fundi kalishona mwenyewe kwa mabaki ya kazi, maana ushonaji ndio uliomlisha. Ndani mlikuwa na chandarua, ndara zao, na mto wa Mama Birika. Mama Birika hakuweza kulalia mto mwingine kisiwani. Alisema mito ya nyumba za wageni imejaa ndoto za watu. Wake ulikuwa wa sufi, na foronya ikawa inamtelezea usiku, analalamika mpaka mumewe anaamka. Basi mwaka mmoja Fundi akachukua sindano, akaishonea foronya kwenye mto moja kwa moja, pande zote nne, mishono midogo ya mkono, isivulike tena milele. Mkewe akaujaribu, akasema sasa ameolewa na mtu wa maana.

Mto ule ukawa unakunywa mafuta ya nywele zake. Aliyachanganya mwenyewe, ya nazi na maua meupe ya uani kwao, na hakuna duka lililokuwa na harufu hiyo.

Mama Birika alifariki mwaka huu, hospitalini, baada ya ugonjwa ambao haukumpa mtu nafasi ya kuuzoea. Dada zake walikuja nyumbani kwa nia njema kabisa. Waliona shemeji yao anakaa kitandani akiikodolea macho kanzu ya mkewe ya kulalia, wakaona wamsaidie. Waligawa nguo, wakafua mashuka, wakaanika godoro, wakapiga deki kwa dawa. Fundi aliwaacha, kwa sababu angesema nini? Lakini asubuhi moja aliamka akanusa kabati, akanusa na mlango wa kabati, akanusa kitana kilichobaki dirishani, hakuna kitu. Nyumba nzima ilinukia dawa ya deki. Akakaa chini akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini.

Ndipo alipolikumbuka lile begi.

Hakungoja mvua. Alifunga cherehani, akamwambia jirani kwamba anakwenda mara moja na kurudi, akachukua mfuko mmoja wa nailoni nzito, ile anayofungia nguo za harusi za wateja zisishike vumbi. Mpango wake ulikuwa wa kibahili, kama ilivyotarajiwa. Mto ungeingia ndani ya nailoni, ungefungwa vizuri, na angekuwa anafungua kidogo tu siku zile mbaya kupita zote, ili usimwishie haraka.

Boti ilijaa vijana mpaka wengine wakakalia mizigo ya wenzao. Kisiwa alichokijua Fundi kilikuwa na barabara moja, na mbwa waliolala katikati yake bila wasiwasi. Sasa barabara ile ilikuwa na baa huku na huku, kila baa na spika zake, kila spika ikigombana na ya jirani. Watu walipita na nguo za kuogelea, ngozi zimewababuka kwa jua, wamekumbatia vindoo vya pombe vyenye mirija. Fundi alipita katikati yao na suruali yake ya kunyooshwa pasi, anaomba radhi kila hatua. Hao mbwa sijui walihamia wapi.

Nyumba ya Mama Funguo nayo ilikuwa imeota ghorofa. Vyumba vya zamani vilibomolewa kuta vikawa mabweni ya vitanda vya juu na chini, na Fundi akachukua kitanda bwenini kwa sababu ndicho alichokimudu. Upande wa mbele, palipokuwa na viti viwili vya kupumzikia, palikuwa na baa, na muziki wake ulitikisa mpaka kalamu iliyokuwa kaunta.

Mama Funguo alimwona, akamkumbatia kwa juu ya kaunta, funguo zikilia. Alisema maneno mengi ya furaha ambayo Fundi hakuyasikia. Nyuma yake vijana wenye mabegi ya mgongoni walikuwa wamepanga foleni hadi mlangoni. Mama Funguo akamshika mkono, akamfunga mkanda wa plastiki kwenye kifundo cha mkono, ule wanaofungwa wageni wote ili mlinzi awatambue. Fundi akautazama. Mara ya mwisho kuuona mkanda kama ule ulikuwa kwenye mkono wa mkewe, wodini, na nesi aliukata kwa mkasi kwa upole mwingi, kana kwamba bado ungeweza kumuumiza.

"Mama Birika yuko wapi?" Mama Funguo aliuliza kwa kupaza sauti, kiganja kikiwa sikioni kungoja jibu.

Fundi alifungua mdomo. Jibu alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima, lakini alilifanyia mazoezi ya sauti ya chini, ya watu wawili waliokaa kwenye vile viti viwili. Hapa angelazimika kulipigia kelele, mbele ya foleni ya watoto wa watu waliokuja kufurahi, na neno lile hakuwa amewahi kulitamka hata kwa kunong'ona. Nyumbani wote walijua, hakuna aliyemuuliza.

Mama Funguo ni mtu wa kujijibu mwenyewe. "Anakuja kesho?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Yalikuwa hayo tu. Halafu akauliza habari za begi, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, akaambiwa lipo, lakini stoo imejaa makreti mpaka darini, avumilie hadi asubuhi. Foleni ikamsukuma.

Bwenini alikuwa amepangiwa kitanda cha juu. Msichana wa kitanda cha chini alimwona anavyoipima ile ngazi kwa macho, akainuka bila mjadala, akahamisha vitu vyake juu, akasema, "Lala hapa baba, mimi nimezoea kudandia." Alikuwa amekuja na wenzake kusherehekea kumaliza mitihani, na kichwa kilikuwa kinamgonga kwa pombe ya jana. Alimuuliza Fundi kama naye amefuata muziki. Fundi akasema hapana, yeye amefuata mto. Msichana akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Fundi naye akacheka kidogo, na kicheko kile kilimfanyia nafuu.

Jioni alirudi kaunta kurekebisha mambo. Alimkuta Mama Funguo akimgombeza mtu aliyetapika ngazini. Alirudi tena baadaye, akamkuta kabeba sinia la glasi chafu na anatabasamu kwa mbali kama mtu mwenye siri nzuri. Fundi akakata shauri kwamba atamweleza asubuhi, watakapokuwa wanalitoa begi pamoja. Alijilaza akaziba masikio kwa vipande vya pamba. Ungemwuliza, mimi najua asingekiri, lakini alikuwa na furaha fulani ya aibu, ya mtu ambaye kesho yake anapokea mgeni.

Alfajiri muziki ulikuwa umekatika. Alishuka ufukweni, kama walivyozoea kufanya wawili, akatembea kati ya wafagiaji waliokusanya vikombe na mirija kwa reki. Alikaa mpaka jua likapanda. Aliporudi alipitia uani, nyuma ya jiko, mahali palipokuwa pa kuanikia nguo tangu enzi zao.

Chandarua kilikuwa kambani. Ndara zilikuwa zimesimamishwa ukutani, nyayo zikitazama jua, ndogo karibu na kubwa. Na mto ulikuwa umebanwa pembe mbili kwa vibanio, mzito, umelegea katikati, unachuruzika maji kwenye beseni.

Fundi aliusogelea taratibu. Aliukamata kwa mikono miwili, akaweka uso, akavuta pumzi. Sabuni ya kufulia. Akaugeuza upande wa pili, akavuta tena, ndefu, mpaka kifua kikauma. Sabuni. Kwa vidole alisikia sufi imeshajikusanya mabonge, maana sufi haifuliwi. Yeyote mwingine angevua foronya akafua foronya peke yake, ila foronya hii haikuvulika. Alijua, kwa sababu mishono ilikuwa ya mkono wake, na haikuachia hata mmoja.

"Nilitaka aukute tayari," Mama Funguo alisema nyuma yake. Alikuwa ametoka jikoni na mikono myeupe kwa kulowa, amefurahi kweli. Alieleza jinsi alivyohamisha makreti jana usiku, akakuta mto unanuka stoo, una vumbi, na doa la mafuta kama sahani, akaona aibu Mama Birika aje aulalie vile. Ameusugua tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Doa limetoka lote, ingawa lilimsumbua sana. Tena amewatengea chumba cha nyuma, kwa bei ileile ya bwenini, kwa kuwa mtu mzima hawezi kulala na walevi. Boti yake inaingia saa ngapi, amtafutie mtu wa kumpokea?

Fundi alikuwa bado ameushika mto. Maji yalikuwa yanamwingia mikononi mwa shati hadi kwenye viwiko.

"Haji," alisema.

"Amekwama?"

"Mama Birika amefariki. Mwaka huu huu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno lile, na alilisema kwa sauti ya chini, kama alivyotaka kulisema jana. Uani palikuwa kimya kabisa. Mama Funguo alimtazama akingoja amalizie, kisha akaelewa kwamba habari imeishia hapo. Alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Jana ulitikisa kichwa," alisema.

"Nilitikisa."

Akautazama mto, akamtazama Fundi jinsi alivyoushikilia, akautazama tena. Mama Funguo amezika mume, na mambo haya hayahitaji maelezo marefu kwa mtu aliyezika. Akaificha mikono yake myeupe chini ya mtandio wake kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha wizi. Alijaribu kuomba msamaha, sauti ikamkatikia njiani.

Fundi angeweza kumwambia amemmaliza. Lilimfika kooni. Lakini alijua vizuri ni nani aliyetikisa kichwa, na ni nani aliyeishona foronya isivulike.

"Ulikuwa na vumbi," akamwambia. "Unamjua mwenzako alivyokuwa. Asingeulalia."

Mama Funguo akalia hapo hapo juu ya ndoo, na Fundi akasimama karibu yake akiuminya mto kidogo kidogo juu ya beseni, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Mama Funguo alimsihi abaki mpaka mto ukauke, akae chumba cha nyuma bila malipo yoyote. Fundi akashukuru akakataa. Alisema kazi za watu zinamngoja, na ilikuwa kweli, ila si hiyo sababu. Chumba kile kilikuwa kimetandikwa kwa ajili ya wawili. Mfuko wa nailoni aliuacha umekunjwa kaunta, maana mto wenye maji ukiufungia hivyo unaoza, na hata hivyo hapakuwa tena na kitu cha kuwekea akiba.

Kwenye boti alikaa sitaha ya nyuma, karibu na injini, penye nafasi ya bei rahisi. Aliupakata mto mapajani. Maji yalipenya suruali yake ya kunyooshwa pasi, yakateremka miguuni hadi ndani ya viatu, akayaacha. Yule msichana wa kitanda cha juu alikuja kujibanza karibu yake na begi lake, uso umemvimba kwa kukesha. Aliutazama mto kwa muda.

"Kumbe kweli ulifuata mto," alisema akitabasamu. "Wa nani, baba?"

"Wa mke wangu."

"Umemwacha wapi yeye?"

Injini ilikuwa imeongezwa moto, inanguruma mpaka mabenchi yanatetemeka. Fundi alijibu, msichana akaonyesha kwamba hasikii, akamwinamia na kuweka kiganja sikioni, vilevile kama Mama Funguo.

"Amefariki!" Fundi akapiga kelele. "Mke wangu amefariki!"

Sitaha nzima ikageuka. Vijana wenye vindoo, wenye miwani ya jua, waliokuwa wamelaliana kwa uchovu, wote wakamtazama. Naye hakuinamisha uso. Machozi yalimtoka mbele yao, akayaacha kama alivyoyaacha yale maji.

Msichana aliliondoa begi lake pale benchini palipokuwa panapigwa na jua, akaliweka chini, akampokea Fundi ule mto kwa mikono miwili na kuulaza hapo ukauke.