Kutu ya Kihoto

Pikipiki ya Wangeci ilianza kukohoa kwenye mwinuko wa Milimani, ikiwa imembeba mwalimu aliyekuwa akichelewa kazini. Wangeci alishusha gia na kuongeza mafuta, lakini injini ilikata pumzi, ikarudi kidogo, kisha ikazima kabisa. Aliipiga kiki mpaka paja likamuuma. Mwalimu alingoja, akatazama saa, akashuka na kumwambia pole, kisha akaisimamisha pikipiki nyingine iliyokuwa ikipanda.

Halikuwa jambo geni. Ziwa lilipofurika na kuingia mtaa wa Kihoto, kule Naivasha, Wangeci na mama yake walitoka nyumbani na magodoro kichwani. Pikipiki ilibaki. Alipoweza kuirudia, aliikuta imelala kwenye maji machafu pamoja na masufuria na viti vya majirani. Wageni walikuja na mabuti marefu, wakapiga picha, wakaahidi msaada, wakaenda zao. Mama na binti wakahamia Nakuru, wakapanga chumba kimoja mtaa wa Rhonda. Injini ilisafishwa, ikaamka. Lakini ndani ya tangi kutu ilikuwa imeshaota. Kila baada ya muda unga wake mwekundu ulishuka na petroli na kuziba filta, kile kichujio kidogo cha plastiki kinachokaa kwenye paipu kati ya tangi na kabureta.

Kamande, fundi wa steji yao ya bodaboda, dawa yake ilikuwa moja. Aliichomoa filta, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha, akalipwa. Na mwenyekiti wa steji alikuwa ameweka sheria kwamba pikipiki za pale zisiguswe na fundi mwingine yeyote.

Siku nyingine Wangeci angevumilia. Lakini asubuhi ile Indira, mwenye duka la dawa mjini, alikuwa amempigia simu. Alitaka mtu wa kupelekea dawa wagonjwa wa mbali, na safari ya kwanza ilikuwa mchana huohuo: insulini, dawa ya watu wa sukari, mpaka Mau Narok. Waendeshaji waliotangulia walikuwa wameachishwa kwa sababu walifika barafu ikiwa imeyeyuka na dawa imeharibika. Wangeci akiifanya vizuri, kazi ingekuwa yake kila wiki. Asingekaa tena steji kutwa nzima akitazama abiria wakimpita kwa sababu ni mwanamke.

Kabla hajaisukuma pikipiki mita nyingi, kanjo wawili, askari wa kaunti, waliegesha gari lao mbele yake. Mmoja alichomoa ufunguo bila kumsalimia, akasema pikipiki imezuia barabara na inapelekwa yadi. Alieleza kwa urefu jinsi yadi ilivyo mbali na jinsi mambo yanavyoweza kumalizwa hapohapo. Wangeci alimwambia hana kitu, akaketi ukingoni mwa barabara kando ya gurudumu. Hakubishana wala hakubembeleza. Kanjo walizunguka pikipiki, wakapiga simu, wakazungumza habari za mpira. Mwishowe lori lililokuwa likishuka lilipiga honi, kwa maana kilichozuia barabara hasa ni gari lao. Ufunguo ulitupwa kwenye nyasi.

Alifika steji jasho likimtiririka. Kamande alikuwa amechuchumaa kati ya pikipiki za watu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Leo sina nafasi," alisema bila kuinua kichwa. "Iache hapa. Kesho nitaipuliza."

"Si ya kupuliza tena, Kamande. Hiyo filta imekufa. Nataka ibadilishwe."

"Basi badilisha mwenyewe. Si umekuwa fundi."

Wanaume waliokuwa kwenye kivuli walicheka. Wangeci alishika usukani. Aliona jinsi mchana ule ungeisha: pikipiki palepale, simu kwa Indira ya kuomba radhi, na Indira akisema hakuna neno kwa sauti ya mtu ambaye hatapiga tena.

"Sawa," alisema. "Nitabadilisha."

Alisukuma pikipiki mpaka duka la spea la Jaydeep, akanunua filta mbili na klipu zake, kisha akaendelea kusukuma mpaka nyumbani.

Mama yake alikuwa ametoka kufulia watu nguo. Aliyekuwepo uani ni Jepchumba, jirani wa mlango wa pili, aliyeuza githeri jioni, na maharagwe yake yalikuwa yakichemka kwenye jiko la makaa. Wangeci alimwambia anataka kufungua paipu ya petroli. Jepchumba aliinuka mara moja. Aliibeba sufuria, kisha jiko lenyewe, akaviweka nje ya geti ng'ambo ya njia, akarudi akikunja mikono ya sweta.

Walikuwa wamefunga koki ya petroli na kuweka dumu chini ya paipu Wanyoike alipotokea. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa ploti, mtu wa kukusanya kodi na kukataza mambo.

"Hapa si gereji," alisema. "Landlord amekataza. Toeni hiyo nduthi."

Wangeci alikuwa ameshika plaisi, koleo la kubania klipu. Aliinuka polepole.

"Mzee, huo mfereji haujatoa maji tangu tuhamie hapa. Choo hakina mlango, mama yangu anajifunika na leso akiingia. Hayo landlord alisema nini?"

Wanyoike aliangalia mfereji. Mlango mmoja ulifunguka, na mwingine, na wanawake wakasimama vizingitini na watoto mgongoni. Wanyoike alivuta kofia mbele.

"Msimwage oil hapa chini," alisema, akaenda zake.

Wangeci alibana klipu kwa plaisi, akaivuta nyuma, akazungusha paipu taratibu mpaka ikaachia. Filta ya zamani ilikuwa imejaa tope jekundu. Hata akiipuliza, pumzi haikupita. Aliiweka kando, akafungua koki na kuiacha petroli yote ishuke kwenye dumu, kisha akaifunga, Jepchumba akashika kitambaa juu ya mdomo wa tangi, wakairudisha kidogo kidogo. Kitambaa kiligeuka rangi ya udongo. Walitikisa pikipiki, wakamwaga petroli tena, wakaichuja tena. Kutu yote haikutoka. Nyingine ilikuwa imeshikilia huko ndani kama ukoko wa ugali. Lakini petroli ilianza kushuka safi.

Aliweka filta mpya, mshale wake ukielekea kwenye kabureta, akabana klipu, akafungua koki. Alipiga kiki. Injini iliwaka, majirani wakatabasamu, kisha ikazima. Akapiga tena, ikazima tena. Saa ya kufika kwa Indira ilikuwa imekaribia mno. Wangeci aliegemeza paji la uso kwenye kiti cha pikipiki. Alikuwa amevumilia maji ya ziwa na kicheko cha steji, lakini pale ndipo alipohisi machozi.

Jepchumba alikuwa ameinama, kichwa karibu na injini.

"Hebu ona," alisema. "Paipu si imejikunja hapa? Ile ya gesi ya dada yangu ilikunjika hivi, tukadhani mtungi umeisha."

Ilikuwa kweli. Filta mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani, na paipu, ikikosa nafasi, ilijipinda na kujibana. Wangeci alikata kipande kwa wembe, akaunganisha upya. Petroli ilijaa ndani ya plastiki. Safari hii injini ilinguruma, ikaendelea kunguruma, na Jepchumba alirudi kutazama maharagwe yake kama mtu aliyefanya kazi ya kila siku.

Indira, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa tayari ameshika simu kumtafuta mtu mwingine. Kasanduku ka barafu kalikuwa juu ya kaunta.

"Umechelewa," alisema. "Na kwa nini unanuka petroli?"

Wangeci angeweza kudanganya. Alimwambia yote: Milimani, kanjo, filta.

"Ikizima huko juu je?"

"Inaweza kuzima, madam. Tangi yangu ina kutu ya mafuriko, siwezi kukuficha. Lakini nimebeba filta nyingine na plaisi, na sasa najua kuiweka."

Indira alimtazama mikono, kucha zilizojaa weusi. Kisha akakasukuma kasanduku kuelekea kwake.

"Nenda. Ukifika, nipigie."

Baada ya Njoro barabara ilipanda, baridi ikaingia kwenye koti, mashamba ya ngano yakafuatana na ya viazi. Mahali pamoja injini ilikohoa, na Wangeci akashusha gia. Kisha ikatulia, ikapanda.

Mgonjwa alikuwa shosho mmoja, bibi aliyezeekea kwenye vibarua vya mashamba. Alikuwa ameletewa kiti mpaka kando ya barabara, shuka mabegani. Wangeci alifungua kasanduku, na shosho akaingiza vidole, akagusa barafu, akaviacha hapo.

"Kule zahanati kila nikienda naambiwa dawa iko njiani," alisema. "Nimeambiwa hivyo mpaka nikachoka kuuliza ni njia gani."

Mkaza mwanawe alipokea dawa na kukimbia nayo ndani. Habari ilikuwa imeshasambaa. Mwanamke mmoja alikuja kutoka shamba la viazi, matope miguuni, akauliza kama wanaleta pia dawa za presha. Mwanaume aliyekuwa nyuma yake alikuwa na mtoto wa pumu. Wengine walikuwa wakivuka barabara, wakitembea haraka, kama watu wanaoogopa kuachwa.

Wangeci alizima injini kwa mkono wake mwenyewe, akavua helmeti, akampigia Indira.

"Nimefika," alisema. "Lakini usikate, madam. Kuna watu hapa wanataka kuongea na wewe."