Kelele za Saa Tatu Asubuhi

Kwa wiki tatu fundi wa darubini ya redio hakuwa na raha. Kila ilipofika saa tatu asubuhi, mistari minene ilijaa kwenye skrini na kufunika mawimbi hafifu ya angani ambayo sahani kubwa ya darubini hiyo ilijengwa kuyasikiliza. Alikuwa ameshawanyang'anya wenzake simu, redio za walinzi, hata birika la umeme.

"Chai tunakunywa baridi," mkuu wa kituo alifoka, "na kelele ziko palepale! Nyumba za jirani ulizikagua?"

"Zote, mkuu."

Fundi akachukua antena ya mkono na mkoba wa vifaa, akavaa visikizio, akafuata mkwaruzo ule nje ya uzio. Ulizidi kupanda hadi ukamfikisha kwenye mlango alioujua vizuri mno. Ndani, shangazi yake aliyemlea alikuwa ameinamia cherehani, na ubavuni mwa cherehani kulikuwa na mota ya mtumba, iliyofungwa karibuni.

"Shikamoo, shangazi," alisema kwa meno yaliyobanana. "Si nilikuuliza una kitu gani cha umeme?"

"Marahaba, baba. Uliniuliza simu. Tena uliulizia mlangoni, hukuingia."

Ilikuwa kweli. Fundi akahisi masikio yanamchemka.

"Basi ichomoe. Urudie pedali."

"Na magoti yangu utayachomoa pia? Hizo nyota zako zina haraka ya kwenda wapi?"

Fundi akaifungua mota. Brashi zake za ndani, vipande vidogo vya kupitisha umeme, zilikuwa zimelika, zikitoa cheche kila ilipozunguka. Akaweka brashi mpya kutoka mkobani, akapiga kituoni kwa simu ya mezani ya shangazi, cherehani ikizunguka.

"Bado," mkuu akasema, akiangalia skrini.

Akaongeza kapasita, kifaa cha kupunguza makali ya cheche. "Bado."

Akaifunika mota kwa kisanduku cha bati, akakiunganisha na waya wa kwenda ardhini. Shangazi akakanyaga swichi.

"Zimekwisha," mkuu akasema. "Ni kwa nani hapo?"

"Kwa shangazi yangu. Sikuingia ndani kukagua."

"Kumbe! Na nyingine ulizikagulia wapi? Kesho unaanza upya, nyumba zote arobaini na moja, chumba kwa chumba!"

Simu ikakatwa. Fundi akabaki ameishika, amenuna.

"Kaa ule kwanza," shangazi akasema.

Akakaa. Akala kwa hasira, sahani mbili.