Mbegu ya Bashira

Mtu wa mjini akisikia neno mbegu hufikiria kitu kidogo, kikavu, cha kutiwa mfukoni. Mbegu ya mwani haiko hivyo. Ni kipande cha mwani wenyewe, kibichi, cha ukubwa wa kiganja, unachokikata kwenye shina lililonona, ukakifunga kwa uzi kwenye kamba, ukaiwamba kamba baina ya vigingi viwili baharini, ukaenda zako. Bamvua tatu zikipita, kama wiki sita, kimekuwa kichaka. Unavuna, unabakisha kipande, unafunga tena. Wanawake wa kijiji cha Matemwe wameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, na hajatokea hata mmoja aliyeuona mwani wake ukitoa ua wala punje.

Kwa hiyo Bi Mize aliposema, "Hii ya Bashira," hakuwa akisema kwa mafumbo. Bashira alikuwa mwanawe wa pekee, na ndiye aliyefunga kile kipande cha kwanza kwa vidole vyake. Alikifunga wakati wenzake wote wameshaukatia tamaa mwani mnene, ule waitao kotonii, kwa kuwa hauwezi joto, wakahamia kwenye mwembamba. Bashira alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Alitafuta mahali penye mkondo, maji yakamfika kifuani, akapiga vigingi huku wenzake wakimcheka kwamba anataka kuolewa na papa. Kotonii yake ikanona. Mwaka uliofuata uzazi ukamwendea vibaya hospitalini, akaondoka yeye na kichanga chake siku ile ile, na mama akarithi vigingi.

Miaka miwili ilikuwa imepita. Watu walimsifu Bi Mize kwa subira, lakini ile haikuwa subira. Ilikuwa ganzi. Alikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake. Alicheka harusini kwa sababu wenzake wamecheka, akachelewa kidogo kunyamaza. Mahali pekee alipohisi kwamba ana mikono ni pale kwenye mkondo, akivuna, akibakisha, akifunga. Kila kipande kilitoka kwenye kipande kilichotoka kwenye kile cha Bashira, mwili ule ule, bila kukatika. Hakumwambia mtu jambo hili. Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Kaskazi ya mwaka ule ilikuja na joto ambalo hata wazee hawakulijua. Maji ya pwani yakawa moto kama ya kumkandia mzazi. Wataalamu walipita wakasema ni moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima. Wanawake wakaulizana Matemwe ina magari mangapi hata ilipie moshi wa dunia nzima. Lakini dhambi nyingine zilikuwa karibu zaidi. Makaro ya vyoo vya nyumba za wageni yalivuja, na makaro ya wenyeji nayo yalivuja vile vile, na kamba zikavaa utelezi wa kijani uliokuwa ukinenepa kwa uchafu huo. Majani ya baharini yaliyokuwa yakituliza mchanga wanawake wenyewe waliyang'oa zamani, wapate pa kupiga vigingi. Ukimnyooshea mwenzio kidole kimoja, vitatu vinakutazama wewe.

Kisha mwani ukaanza kuota mvi. Ndivyo walivyoita, kwa utani: ncha zinakuwa nyeupe, zinalegea, ukizigusa zinakatika. Utani ulikwisha bamvua ile ile. Kamba baada ya kamba ilitolewa majini ikiwa haina kitu isipokuwa nyuzi. Mwembamba ukafa, na mnene uliobaki ukafa. Riyama, jirani wa Bi Mize na shoga yake tangu chuo cha Kurani, alikaa mchangani na kamba zake mapajani, hata hakuzikunja. Kwenye mkondo, katika kamba zote za Bashira, lilibaki shada moja, la kahawia, gumu, la kujaa viganja viwili.

Wiki ile ile akaja Wakil. Alikuwa kijana wa mjini, mtafiti katika maabara moja huko, mpole, mwenye viatu visivyofaa pwani. Alisikia habari za shada lisilokufa, akavua viatu, akaingia majini na suruali yake, na kwa hilo Bi Mize alimpenda. Alimwamkia shikamoo akaitikiwa marahaba, kisha akakaa naye barazani akamweleza mambo kwa ufasaha wa mtu anayeipenda kazi yake. Mwani, alisema, ni maji na chumvi na sukari ndefu sana zilizoshikana mikono. Hizo sukari ndizo zinazopelekwa ng'ambo kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Zipo protini zinazofanya kazi za ndani. Na juu ya zote, katika kila tone la mwili wake, upo uzi mmoja mwembamba, umetungwa kama tasbihi kwa punje za namna nne tu, na mpangilio wa punje hizo ndio unaosema huu uwe mwani na yule awe mtu. Joto likizidi, protini zinafumuka kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kikaangoni. Shada hili halikufumuka. Huenda uzi wake una siri.

"Na uzi huo," Bi Mize aliuliza, "ni ule ule tangu mwanzo? Tangu kilipofungwa cha kwanza?"

"Ule ule, Bi Mize. Haujabadilika. Ni mwili mmoja."

Hapo moyo wake ukagutuka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kijana msomi wa mjini alikuwa amemthibitishia alichokuwa akikijua peke yake.

Kisha Wakil akasema alilolijia. Shada likiachwa pale haliponi. Maji yanazidi kupanda joto. Ampe yeye. "Mbegu yako nnakwenda kuihifadhi mjini. Itakaa kwenye baridi. Hata miaka hamsini haitopotea."

Bi Mize aliitazama bahari akapima. Alijua kwamba ni kweli, siku tatu tu na mvi zingeanza. Akaingia kwenye mkondo mwenyewe, akalifungua shada uzi baada ya uzi, akampa lote. Angeweza kubakisha kipande. Lakini aliogopa kwamba atakachokibakisha atakishuhudia kikifa, naye hakuwa na nguvu ya kushuhudia tena. Akamwambia Wakil ahakikishe maji yake yanabadilishwa. Wakil, aliyekuwa ameshainama juu ya ndoo yake, akaitikia ndiyo, akidhani yanasemwa maji ya njiani.

Pwani ile ina mila moja: mbegu hainyimwi. Aliyebakiwa huwagawia waliofilisika, na hakuna anayeandika wala anayedai. Kwa hiyo shada la Bashira lilikuwa sasa la wote. Wanawake wakakaa wakisubiri kipupwe na maji ya baridi, na kila waliposuka ukindu mazungumzo yalirudi pale pale, kwamba Mize ana mbegu mjini, Mize kawahi. Riyama alishatengeneza vigingi vipya. Bi Mize alikuwa akiwasikiliza, na siku nyingine akaweza hata kumaliza sahani yake.

Mwezi wa saba, upepo ulipogeuka na maji yakapoa, alimpigia Wakil simu kumwambia anakuja kuiangalia mbegu yake. Karibu sana, akaambiwa, ipo, na ina habari njema. Akafika mjini asubuhi na ndoo mkononi, na ndani ya ndoo gunia alilolilowesha maji ya bahari, kwa kuwa mbegu ikipigwa na upepo njiani hunyauka. Mlinzi wa maabara alimuuliza anauza nini.

Wakil alimpokea kwa furaha ya kweli. Alimwonyesha kwenye kompyuta safu za herufi nne zikijirudia, akamwonyesha mahali palipotofautiana na mwani mwingine wote wa pwani, mahali padogo kweli kweli, na akasema wenzake wa nchi za mbali wameshamwandikia. Bi Mize alitikisa kichwa kwa adabu na akasubiri amalize. Macho yake yalikuwa yakitafuta pipa, au beseni, au tangi la kioo.

"Na yenyewe iko wapi?" akauliza.

Wakil akavaa glavu. Akafungua friji kubwa iliyotoa moshi wa baridi, akachomoa kichupa kisichofika urefu wa kidole cha mwisho, akakiinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na tone la maji. Halikuwa na rangi.

"Ndiyo hii, Bi Mize."

"Hii nini?"

"Mbegu yako. Ule uzi niliokwambia."

Alikitazama kile kichupa. Kisha akauliza shada liko wapi. Wakil akaeleza, na kadiri alivyoeleza sauti yake ikapungua, kwa sababu alikuwa ameshaiona ndoo, na gunia ndani ya ndoo. Shada lilisagwa, siku ile ile alipofika nalo. Ukitaka uzi huna budi kusaga. Walihitaji lote, kwa majaribio.

"Hilo tone likifungwa kwenye kamba, litaota?"

"Hapana, Bi Mize."

"Basi hii si mbegu, mwanangu."

Wakil alikaa kitini bila kukusudia. Alisema alidhani amefahamika. Kwao maabara hata uzi ule huuita mbegu. Aliomba radhi, na aliomba kwa moyo, akitaka kujua afanye nini, amtafutie kotonii ya Pemba, amtafutie ya wapi. Bi Mize alimwonea huruma, lakini kwa mbali, kama unavyomwona mtu akilowa mvua nawe uko ndani. Hakumgombeza. Alimwambia tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwanawe aliwakabidhi hospitali wakamrudishia cheti, na hii alimkabidhi yeye, naye amemrudishia tone. Kisha akamwombea kheri katika kazi yake, akachukua ndoo yake, akaaga.

Alifika Matemwe alasiri, bahari imetoka, maji yamekupwa. Wanawake walikuwa wameshashuka, kamba zimewambwa, nyuzi zimekatwa tayari ziko kwenye vikapu. Riyama alikuwa kwenye mkondo, maji kiunoni, mahali pa Bashira. Alikuwa amepiga vigingi vyake na vya shoga yake pamoja. Alipomwona Bi Mize akamwendea kwa shida, kanga zikimnata miguuni, akachungulia ndani ya ndoo.

Mlikuwa na gunia tu, limeshakauka. Riyama alilinyanyua akatazama chini yake, akalirudisha.

"Imo wapi, Mize? Wataileta kwa gari?"

Wengine walisimama kusikiliza. Bi Mize alifungua kinywa awaambie mambo ya mashine, na uzi, na neno moja lililokwenda njia mbili. Alikuwa ameyapanga yote akiwa njiani. Hayakuja. Lililokuja lilikuwa jingine, ambalo kwa miaka miwili aliwaachia watu wengine waliseme kwa niaba yake, wakilipamba: katangulia, kapumzika, hatunaye.

"Bashira kafa, Riyama."

Riyama, ambaye ndiye aliyemwosha Bashira na kumvisha sanda kwa mikono yake, hakuuliza tena habari za mbegu. Aliiondoa ndoo mkononi mwa shoga yake akaiweka mchangani.

"Nnajua, Mize," akamwambia. "Nnajua."